Barua Ambayo Hakuna Aliyeiomba

Mjomba wangu Kombo alikuwa na punda wa kijivu kule Pangani, na kabla sijajua Doha iko upande gani wa dunia, kazi yangu ilikuwa kumwongoza punda huyo na mkokoteni wa nazi kutoka shambani mpaka sokoni. Halmashauri ikatangaza kila mkokoteni uwe na kibali. Mjomba akaenda, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi, akarudi adhuhuri na karatasi. Karani alikuwa ameandika: punda mmoja, mweusi. Kwa nini mweusi, sijui. Labda karani alikuwa na njaa. Mjomba hakujua kusoma, na mimi nilikuwa nimeishia darasa la tatu. Neno lenyewe nililisoma vizuri, ila sikudhani lina uzito wowote.

Getini pa soko mgambo akasoma, akamtazama punda, akasema, "Huyu siye."

"Siye vipi?" mjomba akauliza.

"Hapa pana punda mweusi. Wewe umeniletea wa kijivu. Mweusi umemwacha wapi?"

Mjomba alirudi halmashauri mara mbili, na mara zote mbili karani hakuwepo. Mara ya tatu hakwenda. Alikwangua masizi ya masufuria, akayachanganya na mafuta ya nazi, akampaka punda kuanzia masikioni mpaka mkiani. Mgambo akasoma, akatazama, akapisha. Mwaka mzima tulimpaka yule punda kila Jumatatu, na mimi nikawa natembea na mikono myeusi kama fundi makanika. Mwaka uliofuata karani mpya akaandika kijivu. Tukamwosha.

Sasa ninyi vijana mnaotaka kushika kamera, mnaoniuliza huko Ghuba nilikuwa nafanya nini miaka yote hiyo na sina hata picha moja ukutani, jibu langu ni hilo. Nilikuwa nafuatana na karatasi. Kamera walishika wengine.

Doha nilifika kama dereva. Kampuni ilikuwa ndogo, ya kupiga filamu za harusi, matangazo ya maduka, baadaye na vipindi vya televisheni. Niliendesha gari la vyombo: taa, nyaya, masanduku, na watu wawili wamekaa juu ya masanduku. Aliyekuwa anashughulikia vibali ni Msudani mmoja, Idrisi, mzee wa kilemba, mpole, mnene wa magoti. Kazi yake kule wanaiita mandubu: mtu wa kampuni anayezunguka maofisini kuomba, kusubiri, kugongewa muhuri na kurudi. Magoti yalipoanza kumsumbua akawa anabaki garini na kunituma mimi dirishani. Kiarabu changu kilikuwa cha madrasa, cha kusoma bila kuelewa, kikawa cha dirishani, cha kuelewa bila kusoma vizuri. Mwisho gari akapewa mwingine na mimi nikapewa mkoba.

Idrisi hakuwa na darasa la kunifundishia. Alikuwa anasema tu kitu, halafu anasinzia. Nenda na kalamu yako. Usiegemee kaunta. Usiulize kwa nini. Uliza kimepungua nini. Karani akienda kuswali, usimwambie mwenzake shida yako, maana ukimwambia utakuwa na shida mbili. Na hili alilirudia mpaka nikachoka: "Peleka karatasi moja ambayo hawajaiomba."

Siku moja tulikwenda kupiga tangazo la mkahawa kule The Pearl, kwenye ghorofa za kando ya maji. Tulikuwa na kibali cha kupiga picha, kibali cha wenye jengo, kibali cha mkahawa. Mlinzi akazisoma zote, na nikaona usoni mwake kwamba hajaridhika, anatafuta. Akanyoosha kidole juu. "Na mwenye baraza lile la ghorofani? Mkipiga hapa, baraza lake litaonekana." Idrisi akafungua mkoba taratibu, akatoa barua ya mwenye baraza. Yule mlinzi aliishika kwa mikono miwili. Mpaka tunaondoka alikuwa akituletea viti.

Makosa nimefanya, tena mengi. Kubwa la mwanzo lilikuwa sokoni, kule Souq. Mpiga kamera anatazama mbele. Mandubu kazi yake ni kutazama pembeni, nani anapita nyuma, gari la nani lina namba inayosomeka, ukuta ule ni wa ofisi gani, askari yuko wapi. Siku hiyo mimi nilikuwa natazama sambusa. Nyuma ya mtangazaji wetu familia ikapita, mama na binti zake, wakaingia kwenye picha wazima wazima. Kaka mtu akaja. Hakupiga kelele, na kwa kweli afadhali angepiga. Akasimama mpaka kazi yetu ya siku nzima ikafutwa mbele ya macho yake. Watu wengi hudhani sheria za kule ni za siasa tu. Mara nyingi ni za uso wa mtu: uso ni wa mwenyewe, humchukulii bila kumwuliza.

Na jueni habari ya stendi. Ukiwa na simu mkononi wewe ni mgeni unayepiga picha ya bahari, wengi watakupita. Ukishusha stendi ya kamera, ile miguu mitatu, umekuwa jambo. Kabla mguu wa tatu haujagusa chini mlinzi ameshasimama nyuma yako. Sijui stendi ina nini. Nimewahi kukaa na stendi tupu, kamera ikiwa garini, nikaulizwa kibali cha stendi.

Baadaye vibali vikahamia kwenye kompyuta. Dirisha likafungwa, karani akawa ndani ya simu, nami na kalamu yangu tukawa hatuna pa kwenda. Nikastaafu. Nilibaki mwaka mmoja zaidi kwa mwanangu, mji wa jirani wa Al Wakrah, nikisubiri mambo ya kurudi Tanga yakae sawa, na katika mwaka huo ndipo nilipoletewa wanafunzi.

Walikuwa wawili. Hatim, mjukuu wa Idrisi, kijana mrefu wa kamera, maneno machache, Kiswahili anakisikia ila hakisemi. Na Salma, Mmombasa aliyekulia Doha, mama yake akifanya kazi kwenye nyumba ya watu huko huko The Pearl. Salma ndiye mwenye filamu. Wote walikuwa wakisoma mambo ya utangazaji chuoni, na somo la muhula ule lilikuwa sheria za vyombo vya habari pamoja na filamu moja ya dakika kumi na mbili. Akaniambia jina la aina ya filamu, mokumentari. Nikamwambia aseme tena.

"Ami, ni kama ile filamu ya habari ya kweli," akasema. "Yuaja mtu ahojiwa, yuajibu kwa makini, wapigwa picha wakifanya kazi yao. Lakini yote ni ya kubuni. Watu wacheka kwa sababu hakuna anayecheka mle ndani."

"Kwa hiyo ni uongo."

"Ni mchezo, Ami. Uongo ni ukitaka kumdanganya mtu."

Mchezo wenyewe uliitwa Idara ya Vivuli. Kwamba katika mji mmoja usiotajwa jina, wenye joto, kuna idara inayotoa vibali vya kukaa kivulini. Mkaguzi anapita na utepe kupima kivuli cha mti, mwombaji anajaza fomu kutaja anataka kivuli cha ukuta au cha gari. Mtu aliyekaa miaka yote hiyo kwenye benchi za vibali, unamletea kitu kama hicho, acheke au akasirike? Nilicheka.

Tukawa tunakutana sebuleni kwa mwanangu, chai na maandazi, wao na kompyuta, mimi na kalamu. Nikaanza kukata. Mhuri: walikuwa wameagiza mhuri wa mpira wenye ngao na panga mbili. Nikasema mhuri unaofanana na wa serikali hata kwa mchezo ni mhuri, fanyeni wa mwavuli. Sare ya mkaguzi ilikuwa rangi ya sare ya kweli. Ikawa ya zambarau. Jengo walilochagua kwa ofisi lilikuwa karibu na ofisi halisi. Tukahamia ua wa chuo. Na kwenye fomu yetu ya kuomba kibali, pale pa aina ya kazi, nikawakataza kuandika filamu ya habari. Andikeni igizo la vichekesho la wanafunzi, na mwanzoni mwa filamu liandikwe hivyo hivyo, kubwa, maana mtu atakayeikuta katikati kwenye simu yake atadhani ni kweli.

Salma akashika kichwa. "Ami, ukimaliza kukata tutabaki na kivuli peke yake."

"Hicho hakihitaji kibali," nikasema. "Kipigeni picha."

Walichokosa ni mtu wa kuigiza mlinzi wa kivuli. Wanafunzi waliojaribu walikuwa wanacheka. Salma akamleta Wafula.

Wafula alikuwa Mkenya wa Bungoma, mtu wa miaka thelathini na kitu, mlinzi kwenye maegesho ya magari ya jengo alilofanyia kazi mama yake Salma. Kwao, shule ya sekondari, alikuwa anaigiza, akafika mpaka mashindano ya mkoa. Alikuja Ijumaa, siku yake ya mapumziko, akaketi kwenye kiti cha plastiki uani kwa mwanangu, Hatim akawasha kamera, Salma akauliza kwa sauti ya mtangazaji:

"Bwana Mlinzi, kivuli hiki umekilinda muda gani?"

"Miaka saba, madam."

"Umewahi kukaa ndani yake?"

"Hapana. Mimi sina kibali."

"Na kikisogea?"

"Nakifuata. Saa nne kinakuwa hapa. Saa sita kimeingia chini ya ile Land Cruiser. Nikipiga magoti nakiona."

Akakitazama kivuli, nanyi mngeona alivyokitazama. Hatim alicheka mpaka kamera ikatikisika, ikabidi warudie. Wafula hakucheka. Aliuliza tu, "Nirudie na pole pole kidogo?"

Baada ya hapo nikamwuliza, kwa sababu ndiyo kazi yangu, kampuni yake inasemaje.

"Hao hawana haja ya kujua, mzee. Hii ni off yangu, na sijavaa nguo zao."

"Hata barua?"

"Barua ya nini? Si ni kuigiza tu?" Akapunguza sauti. "Na saa hii sitaki wanisikie jina, mzee. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Fomu ya kuongeza mkataba iko kwa meza ya meneja. Akisaini, niko hapa miaka miwili ingine, msichana wangu anamaliza shule. Asiposaini, naenda nyumbani na begi. Wacha nikae kimya tu."

Maneno hayo alinieleza kwa Kiswahili ambacho mtu yeyote angekielewa. Sikuwa na homa, sikuwa usingizini.

Kibali kikaja kwenye simu ya Salma, safi, hakuna kilichopungua. Chuo kimeridhika, mwalimu ameridhika, nyuso zote zimesaini. Mimi nikalala siku mbili naona kuna tundu. Mlinzi wa kampuni, mgeni mwenye mwajiri, anasema mbele ya kamera, hana barua ya mwajiri. Hakuna aliyeiomba. Lakini mtu akiiomba siku ya kupiga? Nikaona hivi ndivyo Idrisi angefanya. Tena nikawaza nitamfurahisha Wafula, nije na barua mkononi nimwambie, kijana, sasa uko huru. Sikumwambia yeye wala Salma. Nikavaa kanzu iliyopigwa pasi, nikachukua teksi mpaka Industrial Area, kule kwenye viwanda na magereji.

Ofisi ya kampuni ilikuwa juu ya gereji, chini wanapuliza rangi magari. Meneja alikuwa mtu wa heshima. Aliniona ndevu nyeupe, akasimama.

"Haji, kaa. Utakunywa chai?"

Nikanywa chai. Nikamweleza vizuri: wanafunzi, kichekesho, sare ya kubuni, kibali hiki hapa, naomba tu barua kwamba kampuni haina pingamizi. Akasoma kibali chote. Akauliza ni mlinzi gani. Nikataja jina. Akauliza anafanya siku zipi.

"Ijumaa tu," nikasema. "Siku yake ya mapumziko."

"Ijumaa tu?"

Hapo, vijana wangu, ndipo ilipo kazi yote. Mandubu dirishani anajibu. Ukiulizwa unajibu, na ukijibu unajibu chote, kwa sababu ukificha moja na karani akaligundua hutarudi kwenye dirisha lile tena. Na mimi nilikuwa najua kitu. Salma alikuwa amenionyesha kipande walichojaribu siku ya Jumatano, dakika tatu hivi, Wafula akiwa kazini, muda wake wa chai, kwenye maegesho ya The Pearl, kwa sababu Salma alitaka kuona mwanga wa mle chini.

"Kuna Jumatano moja walijaribu pale kazini kwake," nikasema. "Lakini kwa simu tu. Hawakuweka stendi."

Nililisema hilo la stendi kama utetezi. Kwangu mimi lilikuwa utetezi mkubwa sana.

Meneja akaandika kitu kwenye kijitabu. Hakubadilika uso. Akasema barua ya namna hiyo si yeye anayeitoa, ataulizia, na akanisindikiza mpaka ngazini akanishika mkono nisije nikateleza. Nikarudi Al Wakrah nimeridhika. Nilimwambia mwanangu, yule bwana ana adabu.

Ijumaa iliyofuata tulikutana kwenye bustani ya Al Wakrah kupanga siku ya kupiga. Salma alikuwa ameandika kila tukio kwenye kadi na kuzipanga juu ya meza ya saruji, amezigandamiza na vijiwe kwa ajili ya upepo. Kadi za mlinzi wa kivuli zilikuwa sita. Wafula alichelewa. Alipokuja hakuketi.

"Mzee, ulienda kwa ofisi?"

"Nilikwenda," nikasema. "Barua haijatoka bado?"

Salma akanigeukia. "Barua gani, Ami?"

Wafula akamweleza yeye, si mimi. Alikuwa ameitwa Jumatatu. Wamemtoa kwenye kituo kwa kupigwa picha akiwa zamu, kwenye jengo la mteja, bila ruhusa ya jengo. Anakaa kambini, hana zamu. Fomu imerudi bila sahihi. Tiketi ni ya wiki ijayo.

"Nitakwenda mimi na mwalimu," Salma akasema. "Nitawaambia ni mimi niliyekuja na simu. Nitawaambia nilikudanganya nikasema ni video ya kumwonyesha mamangu."

"Wataandika hiyo pia," Wafula akasema.

Hatim akasema kwa Kiarabu, akinitazama, kwamba labda amfiche uso, amweke giza, abadili sauti. Nikatafsiri. Wafula akatikisa kichwa. "Kama nimefichwa uso basi mimi ni mhalifu. Tafuteni mtu."

Nami, kwa kuwa nilikuwa na mkoba miguuni, nikasema, "Naweza kuandika barua nyingine. Ya kueleza."

Wafula akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nilipomjibu. Nilidhani atanitukana, na haki alikuwa nayo.

"Usiandike, mzee wangu," akasema. "Tafadhali."

Akamwomba Hatim afute vipande vyote, cha Jumatano na vya Ijumaa. Hatim akakaa naye bega kwa bega, akafuta kimoja kimoja. Kila kimoja Wafula alitaka kukiona kidogo kabla hakijafutwa. Kwenye kile cha kupiga magoti nilisikia sauti yake mwenyewe ikisema nikipiga magoti nakiona, na akatabasamu kama anamsikiliza mtu mwingine anayejua kazi. "Hii ilikuwa poa," akasema. Halafu akasema, "Futa."

Salma alikuwa analia bila sauti, anazikusanya kadi sita. Wafula akamgusa kichwani. "Wacha, wewe. Weka mtu asiyecheka. Hiyo tu." Akampa Hatim mkono, akanipa na mimi mkono, kwa mikono yake miwili, kama wanavyofanya kwa wazee wa kwao.

Akaondoka kupitia maegesho. Alitembea katikati ya safu ya magari, na nikaona anavitazama vioo vya mbele kimoja kimoja, kushoto na kulia, kama anatafuta stika ya kibali cha kuegesha. Gari moja jeupe lilikuwa limeachwa wazi kifuniko cha tangi. Akasimama, akakifunga, akakisukuma na kiganja kuona kama kimekaza. Kisha akavuka barabara kwenda kwenye basi, na hakurudi.